Joto la Lituhi

Asubuhi moja ya Julai Othmar alimaliza kupanga viroba vya maganda ya kahawa kwenye kuta za gereji yake, akapigilia mbao juu yake, akaziba nyufa za mlango kwa vipande vya godoro. Baridi ya Mbinga ilikuwa inaligomesha gari kuwaka. Sasa kuta ziliweza kutunza joto. Kilichokosekana ni joto lenyewe.

Joto alikuwa nalo mama yake, Hedwiga, aliyeletwa kutoka Lituhi, kule ufukweni mwa ziwa, alipofiwa na mumewe. Alipanda mlima na jua la ziwani mwilini. Chumbani mwake muhogo ulikauka wenyewe, na Edina, mkewe Othmar, alianika humo nguo za watoto. Majirani walikuja kupasha mikono joto, wakashukuru, wakaenda zao shambani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hedwiga alipewa gari. Kitanda chake kikahamishiwa gerejini, kipimajoto kikatundikwa msumarini. Akikumbuka yeye na mdogo wake Aurelia wakigeuza dagaa wa usipa juani, joto lilipanda. Akisali rozari, lilishuka. Othmar alipoona limezidi, alimwomba kwa adabu apunguze, rangi ya gari isije ikababuka. Naye alisali. Mama ni mama, jamani, hata akifanywa jiko.

Kisha habari zikaja kwamba Aurelia hajiwezi, anamtaja dada yake tu. Hedwiga akafunga kanga zake, akaenda kukaa kiti cha mbele cha gari. Othmar akamshika mkono, akamteremsha taratibu. Alieleza kwamba gereji ikilala baridi, kuta zitaingia unyevu na kazi yote itakuwa bure.

"Nimwone tu, mwanangu."

"Nitakusalimia, mama."

Akashuka Lituhi na Edina. Walikuta msiba, wakazika, wakarudi. Edina alisema watu walikuwa wengi na ubwabwa ulitosha.

Hedwiga akapapasa matairi. Mchanga wa Lituhi ulikuwa bado umeshika. Akaukusanya kiganjani, akakaa chini, akalia kimya kwa uchungu wa kumkosa mdogo wake hata kaburini. Gereji ikapoa mpaka pumzi yake ikaonekana.

Othmar akachungulia kipimajoto. "Mama," alisema, "ongeza kidogo."

Hedwiga akamkumbuka Aurelia juani, anacheka, magamba ya usipa yamemganda mikononi. Joto likapanda. Othmar akashukuru, akafunga mlango lisitoke.