Mtoto wa Tano wa Jip

Siku hiyo mjinga alikuwa Jonty Tallentire. Hata leo ukimuuliza hakatai, ila atakuomba kwanza umsikilize.

Mambo yalianza mwaka uliotangulia, mbweha walipomlia wanakondoo kumi na tisa kisha wakaenda kulala chini ya miamba ya Ravenscar. Mbwa wake jike, Jip, aliyekwisha kuota mvi puani, hakuweza tena kuwafuata humo. Jonty alihitaji teria kijana, yaani mbwa mdogo wa kuwinda mashimoni: mwembamba wa kifua ili apenye, mwenye moyo, asiyebweka ovyo akiwa shimoni. Katika bonde zima la Mosegill dume wa kuzaa mbwa wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, Turk, mbwa wa mjane mmoja aliyeitwa Bi Tamar Dockray.

Sasa, kwa miaka kumi na mmoja Jonty alikuwa akimsimanga Turk kilabuni. Turk alikuwa na kishungi cha nywele laini utosini, urithi wa damu ya mbwa wa kule mpakani, ambako kuna mbwa ukiwatazama haraka utadhani ni kondoo. "Yule hawindi," Jonty alikuwa akisema, bia mkononi. "Yule ni wa kukatwa manyoya mwezi wa saba pamoja na wenzake." Watu wakicheka, naye anaongeza.

Kwa hiyo alipompeleka Jip kwa Turk alipita njia ya nyuma, tena mvua ikinyesha. Bi Tamar hakumsuta. Alisema tu, "Sitaki malipo. Sharti ni lile la watu wote: wakifika wiki nane, nakuja kuchukua mmoja, na wa kwanza kuchagua ni mimi."

Jip akazaa watano. Wanne walikuwa weupe, vipande vya mbwa. Wa tano alikuwa jike dogo la rangi ya kutu, miguu kama njiti, na kishungi kilekile utosini. Jonty alipomwona alicheka. Aliacha kucheka wiki ya sita, siku kale kajike kalipoingia kwenye mfereji chini ya zizi la ng'ombe, kakakaa humo mpaka chai ya Jonty ikapoa, kisha kakatoka kinyumenyume kakiburuta panya karibu sawa na umbo lake, bila hata kubweka. Toka hapo Jonty akawa haoni mbwa mwingine. Akimtazama yule, anaiona Ravenscar imenyamaza na wanakondoo wake wote wamesimama.

Asubuhi ya kuchagua alimpiga brashi dume mkubwa kuliko wote katika wale wanne weupe, ambaye kwa wiki mbili alikuwa akimlisha uji wa shayiri kwa maziwa mazito. Kale kajike akakapandisha ghorofani, akakatia katika boksi la kofia la mkewe, Edith, pamoja na mfupa, kifuniko akakiacha wazi kidogo. Edith alikuwa nje akikamua, hakuambiwa kitu.

Bi Tamar alikuja, akakaribishwa karibu na moto, akanywa chai na keki ya tangawizi bila haraka. Kisha akamwinua yule dume, akamzungushia viganja nyuma ya mabega kumpima kifua; havikukutana.

"Mzuri eh?" Jonty akasema. "Ningekuwa wewe nisingehangaika na wengine."

"Mzuri sana. Akimaliza kukua, itabidi mbweha wapanue mlango." Akamweka chini, akawapima wengine watatu, kisha akajifuta mikono. "Na wa tano?"

"Walikuwa wanne, Bi Tamar."

"Jonty, mikia yao nimeikata mimi, wakiwa na siku tatu, hapahapa kwenye meza hii. Nilikata mitano. Au kuna mmoja alikuwa na miwili?"

Kwa kweli jambo hilo lilikuwa limemtoka Jonty kabisa. Mikia ya teria wote wa Mosegill hukatwa na Bi Tamar, na Jonty mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita.

"Aa, yule," akasema, na sauti akaishusha. "Yule alikufa. Wiki ya tatu."

"Pole sana. Mmemzika wapi?"

"Pale chini ya ukuta."

"Basi mama yake hajaambiwa msiba," Bi Tamar akasema.

Jip alikuwa amesimama kwenye ngazi, miguu ya mbele juu ya kidato cha pili, pua ameielekeza ghorofani, analia polepole.

"Anataka panya," Jonty akasema.

Hapo ndipo Edith alipoingia na ndoo ya maziwa. Akamtazama Jip, akamtazama mumewe, akaweka ndoo chini na kupanda juu. Aliporudi, mkono mmoja ameshika kajike, mwingine ameshika kitu ambacho Jumapili iliyopita kilikuwa kofia ya kanisani.

"Mume wangu," akasema, "huyu maiti wako amekula unyoya wote."

Bi Tamar akampokea yule mtoto. Akamzungushia viganja kifuani, vikakutana bila shida. Akakipuliza kile kishungi, akatabasamu. "Nachukua huyu."

Jonty akaona Ravenscar inamtoka mikononi, akasimama. "Subiri, Bi Tamar, tusemezane kwa haki. Huyo ni wangu kwa damu. Jip ni mtoto wa Fly, na Fly ni mtoto wa Vic, aliyekaa siku tatu chini ya Ravenscar enzi za babu yangu na akatoka na mbweha. Moyo wote alio nao huyo ni wa Jip. Kina mama ndio wanaotia moyo. Turk ametia nini? Nywele tu."

"Kwa hiyo hana kitu cha Turk?"

"Hana hata chembe. Kishungi tu."

Bi Tamar alikuwa ameshamtia mtoto ndani ya koti, kimebaki kishungi peke yake kinachungulia kwenye vifungo.

"Basi hujapoteza kitu, mwanangu," akasema, akifungua mlango. "Hao wanne mama yao ni Jip huyohuyo, na nywele hawana."