Wimbo Ulionadiwa Kanja

Wimbo wenyewe uliuzwa baada ya jogoo mwekundu na kabla ya mkungu wa ndizi. Ndivyo ilivyokuwa, na asiyeamini na aende Kanja akaulize. Siku ya sadaka ya mavuno kila mtu huleta alichojaliwa na shamba, kisha ibada ikiisha vitu hutolewa uani vikanadiwa, fedha zikaingia kanisani. Mwenye nduma huleta nduma, mwenye ndizi huleta ndizi, na mwenye kuku humfunga miguu mapema asije akamkimbilia mchungaji katikati ya mahubiri. Mwaka ule Wambeti hakuwa na kitu. Mvua ya mawe ilikuwa imepita juu ya shamba lake kama iliyotumwa. Ililiruka la jirani, ikapukutisha kahawa yake changa na kuyalaza maharagwe yote chini. Basi alikwenda madhabahuni na kiondo kitupu, akakiweka kando ya vikapu vya wenzake, akatoa ushuhuda wa yaliyompata, kisha akaimba.

Aliimba kwa Kiembu, wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, maana aliutunga mwenyewe alipokuwa akiokota kahawa mbichi matopeni. Alimwambia Mungu kwamba kiondo ni hiki, cha kukijaza amekichukua Yeye, basi apokee sauti, kwa kuwa sauti haikupigwa na mvua. Watu waliinamisha vichwa. Wengine walilia, na wenye shibe wakajikohoza.

Ulipofika wakati wa mnada, Misheck, mzee wa kanisa aliyekuwa mnadi, alimnyanyua jogoo, akamuuza, kisha macho yake yakakiangukia kile kiondo. Ulimi hauna mfupa, na wa Misheck ulikuwa laini kuliko ndimi nyingine. "Haya," alisema, "na wimbo huu je? Nani ananifungulia bei?" Watu wakacheka, maana kulia kulikuwa kumewachosha. Kicheko kikaanza kurefuka pabaya, Wambeti amesimama katikati yake na mikono ameifumbata. Ndipo Mwalimu Gachoki akanyoosha mkono na kutaja bei. Alitaka kumsitiri yule mama. Tusimnyime haki yake, hilo lilikuwa jambo jema, na pengine ndilo jema la mwisho alilolifanya kuhusu wimbo ule. Hakuna aliyeongeza. Misheck akapiga kofi: umekwenda kwa Mwalimu, tena kwa bei iliyo chini ya ile ya jogoo. Wambeti hakucheka. Alimwendea Gachoki, akamshika mkono kwa mikono yake miwili kama mtu anayekabidhi ng'ombe, akasema, "Mwalimu, ukautunze."

Gachoki aliutunza, kwa namna yake. Alikuwa mwalimu wa muziki katika shule ya upili, na tangu ujana alikuwa ametunga nyimbo nyingi ambazo hazikuvuka lango la shule. Nyimbo za siku ya wazazi, nyimbo za kuhimiza watu wapande miti. Zilikuwa sahihi kila noti, na zilikufa siku ile ile zilipoimbwa. Huu wa Wambeti aliufundisha kwaya, akaupa sauti nne, akaenda kuurekodi mjini Embu, na mwanafunzi mmoja akautia mtandaoni. Ukaota mabawa. Uliimbwa arusini, uliimbwa mazishini, watu wakauweka kwenye simu ili anayewapigia ausikie akisubiri. Na popote ulipofika ulifika ukiitwa wimbo wa Mwalimu Gachoki. Mwanzoni alikuwa akiwasahihisha. Baadaye akawa anatabasamu tu. Kutabasamu si kusema uongo, alijiambia, akaendelea kutabasamu kwa miaka.

Ndipo Kananu akampigia kutoka Meru. Kananu, mzaliwa wa Githongo, alikuwa mchapishaji wa muziki anayejitegemea. Hakuwa na studio wala wasanii. Alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la mbegu, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba wimbo ukitumiwa, mtunzi wake anajulikana na mirabaha inamfikia. Kampuni moja ilikuwa ikipiga filamu huko Kiirua, filamu kuhusu wakulima, nayo iliutaka wimbo ule uwe wa mwisho, pale mama wa hadithi anaporudi shambani. Ilihitaji leseni, na leseni ilihitaji mtunzi. Gachoki akavaa koti lake la Jumapili, akashika njia ya Chuka mpaka Meru.

"Wimbo ni wangu," alisema walipokwisha kuketi.

"Wako kwa kuutunga au wako kwa kuununua?" Kananu aliuliza bila kuinua macho. Lilikuwa swali la kazi, aliloliuliza kila mtu. "Maana ni vitu viwili, Mwalimu. Haki ya kuutumia wimbo inaweza kuhamia kwa mwingine, mkiandikiana. Jina la mtunzi halihami. Msichana akiolewa Kiirua, aliyemzaa ni yule yule."

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini aliwazia litakavyosikika katika chumba kile safi: niliununua kanisani, madam, baada ya jogoo. Aliona aibu. Na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, kibaya zaidi, ambacho alikijua vizuri. Alitamani iwe kweli.

"Nimeutunga mimi," akasema, akatia sahihi.

Uongo ukipewa kiti huomba na chakula. Kananu alikuwa na rafiki katika kituo cha redio pale mjini, akampeleka Gachoki ahojiwe ili habari za filamu zianze kusikika. Mtangazaji akamuuliza aliutungaje. Na Gachoki, mtu wa mshahara na nyumba za kupangisha alizoachiwa na babake, mtu ambaye hakuwahi kupoteza hata punje moja ya kahawa, akasimulia mvua ya mawe. Alisimulia ilivyoyapiga mabati, alivyotoka nje akakuta maharagwe yamelala, alivyopiga magoti matopeni kuokota kahawa mbichi. Yote aliyoyasikia kwa Wambeti siku ile ya ushuhuda aliyatoa kama yake. Aliyasimulia vizuri, si ni mwalimu. Mtangazaji alifuta machozi. Gachoki mwenyewe sauti ilimkwama, na alipoona imemkwama kweli, aliingiwa na baridi.

Alirudi Kanja akitarajia kusutwa. Nani amsute? Watu walimpa mkono njiani. Misheck alimkuta sokoni, akampiga bega.

"Mwalimu, wewe una macho. Sisi tulikuwa tunacheka, kumbe mwenzetu unanunua ng'ombe wa maziwa."

"Lakini aliyetunga ni Wambeti, Mama Ciku," Gachoki alisema, kwa sauti ndogo.

"Alitunga, akatoa, ukanunua. Sasa kuna kesi gani hapo?" Misheck alimjibu, akaenda zake kununua chumvi ya ng'ombe.

Kwa Misheck, na kwa Kanja yote, kitu kikishapita madhabahuni na kwenye mnada kimehama kabisa, na aliyekinunua akiite apendavyo. Gachoki alijaribu kukaa ndani ya amani ile aliyopewa bure, akaona haikaliki. Heri angeshtakiwa. Anayeshtakiwa hujitetea, na katika kujitetea hupata pa kuegemea. Yeye alikuwa na kosa lisilo na mlalamishi. Darasani, kwaya ilipouanza wimbo ule, alijikuta akiwaambia waimbe mwingine, na wanafunzi wakatazamana.

Kananu alipopiga tena, ilikuwa kumwarifu kwamba filamu inakamilishwa wiki ile.

"Je, kama kuna mwingine aliyeshiriki kuutunga?" Gachoki aliuliza.

"Kama yupo, niambie sasa. Filamu ikishatoka na jina lako, Mwalimu, hilo jina halifutiki tena."

Kesho yake akateremka kwenda kwa Wambeti. Njiani aliyapanga maneno. Nimekuja kukurudishia wimbo wako, angesema. Aliyapenda maneno hayo, kwa kuwa yalimfanya aonekane mkarimu, na hayakugusa kabisa yale aliyoyasema redioni.

Wambeti alikuwa kwenye kahawa, akipogoa. Alikuwa mjane sasa. Mumewe alikuwa amemwacha na binti mmoja, Ciku, aliyeolewa mbali. Alimkaribisha Gachoki kwa furaha, akataka kwenda kumletea uji, Gachoki akamzuia.

"Nimeambiwa wimbo umefika mpaka redioni huko Meru," Wambeti alisema. "Mimi sikusikia, betri zilikuwa zimekwisha. Lakini nimefurahi, Mwalimu. Nilikuambia ukautunze, na umeutunza."

"Huo wimbo ndio ulionileta, Mama Ciku. Nimekuja kukurudishia. Twende Meru ukatie sahihi, uwe wako."

Wambeti akatikisa kichwa. "Kilichowekwa mbele ya Mungu hakirudishwi nyumbani. Nikiuchukua tena, si nitakuwa nilimpelekea kiondo kitupu kweli?"

"Lakini wewe ndiwe uliyeutoa moyoni mwako. Watu wanauimba kila mahali."

"Watu wanauimba," Wambeti alikubali. "Mimi siuimbi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Hata Baba Ciku alipofariki sikuuimba."

Gachoki aliyakumbuka mazishi yale. Alikuwa ameileta kwaya ya shule bila malipo, akatangaza mbele ya waombolezaji kwamba wimbo ule ni zawadi yake kwa familia. Alimkumbuka Wambeti kando ya kaburi, midomo ameifumba. Alidhani ni majonzi. Alikuwa hata amemwashiria kwa mkono ajiunge na kwaya, naye akaangalia chini.

"Nilitaka sana kuimba," Wambeti alisema, akaendelea kukata matawi. "Baba Ciku aliupenda. Yeye ndiye aliyeusikia kwanza, kabla ya kanisa. Lakini ulikuwa umeshakuwa wako, na kwa zile shughuli za mazishi sikupata nafasi ya kukuomba."

Hakuwa na kinyongo hata chembe. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini hakuazima jembe la jirani. Gachoki alitafuta pa kukaa akakosa.

"Sasa kwa kuwa umekuja mwenyewe, nikuombe leo," Wambeti alisema, akageuka. "Uniruhusu niwe nauimba. Si kanisani. Ni hapa tu, nikiwa na kazi zangu, nikiwa peke yangu."

Akikataa, atakuwa amemfunga mdomo kwa makusudi. Akikubali, atakuwa ameketi kwenye kiti cha mwenye wimbo mbele ya yule aliyeuzaa. Alisimama pale na miaka yake yote ya ualimu, akahisi uso unamwaka.

"Imba, Mama Ciku," alisema hatimaye. "Imba popote unapotaka."

"Asante sana, Mwalimu. Mungu akubariki," Wambeti akasema, na akainamisha kichwa kidogo.

Lawama angeistahimili. Asante ile ilimshinda.

"Usinishukuru," alisema. "Kule redioni sikusema niliununua. Nilisema niliutunga."

Wambeti aliacha kukata. Alifikiri kwa muda, kama mtu anayemtafutia mgeni udhuru. "Labda Meru ndivyo wanavyosema," alijibu polepole. "Mwenye kitu hukiita atakavyo."

"Waliniuliza niliutungaje. Nikawaambia habari za mvua ya mawe."

"Ile mvua yangu?"

"Nilisema ilinyesha kwangu. Nilisema mimi ndiye niliyepiga magoti kuokota kahawa."

Wambeti aliyatia makasi ya kupogolea kwenye mfuko wa aproni. Kwa mara ya kwanza tangu Gachoki afike alimkazia macho, na Gachoki akaona uso ambao hakuwahi kuuona, hata pale uani watu walipokuwa wakimcheka.

"Wimbo niliutoa mbele ya watu, nawe ukaununua mbele ya watu," alisema. "Mvua sikuitoa. Ile ilikuwa yangu na Baba Ciku. Tulikaa ndani tukiisikiliza inavyotumaliza, akanishika mkono mpaka ikakatika. Hiyo hukuinunua, Mwalimu."

Wambeti hakungoja jibu. Aliyatoa makasi, akarudi kwenye mstari wake wa kahawa, akaendelea na kazi. Hakuimba. Ruhusa alikuwa nayo, ameiomba mwenyewe na kushukuru, lakini kilichosikika ni matawi tu yakianguka.

Njia ya kurudi barabarani ilikuwa karibu, na angeondoka asingezuiwa. Alisimama. Alihisi kama mwanafunzi aliyekamatwa na kitabu cha mwenzake, naye amekwisha kuandika jina lake juu. Kisha akatoa simu, akampigia Kananu. Siku zote mambo ya Meru alikuwa akijitenga kando kuyazungumza, mtu asisikie. Safari hii hakusogea. Alisimama pale pale katikati ya miti ya kahawa, mahali ambapo Wambeti angesikia kila neno.

"Mwalimu," Kananu akaitika, "wenzetu wa filamu wanangoja. Niandike jina gani?"

"Jina nitakuambia," Gachoki alisema. "Kwanza nikueleze ile mvua ilinyesha kwa nani."