Mikono Iliyokataa Sindano

Muuguzi alifika ukumbini asubuhi kuwachanja watu dhidi ya ugonjwa mpya wa kifua, akafuta meza kwa spiriti, akapanga pamba upande wa kushoto na sindano upande wa kulia, kisha akasukuma kisanduku cha barafu chini ya meza, kwenye kivuli. Viti vilikuwa vimeshapangwa. Ofisi ya afya ilikuwa imesema mita moja kati ya mtu na mtu, lakini watu wa mtaa huu walikuwa watengeneza ngozi, na walipima kwa kitu wanachokijua: kati ya kiti na kiti paliachwa nafasi ya ngozi ya ng'ombe mzima, shingo hadi mkia. Ilizidi mita. Hakuna aliyelalamika.

Wa kwanza kuketi alikuwa mzee wa mapipa, aliyekoroga ngozi kwenye maji ya chokaa mpaka alipostaafu. Akakunja mkono wa shati, akageuza uso pembeni. Sindano ilipogusa ngozi yake ikapinda kama mshumaa uliosahauliwa juani. Muuguzi akachukua nyingine, nayo ikapinda. Mzee akauliza kama imekwisha. Akaambiwa bado.

"Endelea tu, binti yangu," akasema. "Mimi sina haraka. Nimestaafu."

Ikawa hivyo hivyo kwa kila aliyefanya kazi katika kiwanda cha ngozi enzi za zamani. Ukiubonyeza mkono kwa kidole ulikuwa laini kama mkono wowote. Sindano ilipousogelea, ukawa mgumu kama soli ya buti. Muuguzi alijaribu mkono wa kulia, lakini wa kulia ulikuwa umeshasikia habari kutoka kwa wa kushoto. Paja nalo likasimama upande wa ndugu zake. Kufikia adhuhuri kikopo cha takataka kilikuwa kimejaa sindano zilizopinda, na watu walikuwa bado wameketi, kila mmoja kwenye ngozi yake ya ng'ombe, wakingoja kwa adabu.

Katikati yao alikuwepo mama yake muuguzi. Alikuwa amekwangua nyama na manyoya kwenye ngozi mbichi maisha yake yote ya kazi, na mapafu yake yalikuwa yamelipia. Muuguzi aliyajua mapafu yale kuliko alivyoijua sauti yake mwenyewe. Ugonjwa ule mpya ukiyafikia kabla ya chanjo, mama hatapona. Wote wawili walilijua hilo, na hawakuwa wamelisema.

Muuguzi akampigia simu daktari mkuu, akamweleza. Daktari hakushangaa, alisema tu ataleta sindano ndefu zaidi. Zikaja. Zilipinda pia, ila kwa urefu zaidi.

Waliokuja pale hawakuwa wabishi, na hili lisemwe wazi, kwa sababu baadaye magazeti yaliandika vingine. Wabishi walikuwepo, lakini walikuwa nje, na mkubwa wao alikuwa kinyozi. Ugonjwa ulipoingia mjini, kinyozi aliamriwa afunge kibanda, lakini kiwanda kikaachwa wazi, kwa maelezo kwamba ngozi zikisubiri zinaoza. Kinyozi akasimama mbele ya kibanda chake kilichofungwa akawa anawauliza wapita njia: huu ni ugonjwa gani unaoingia kwa kinyozi bila kubisha, halafu ukifika getini kwa kiwanda unapiga hodi na kurudi? Kutoka hapo akahitimisha kwamba ugonjwa wenyewe haupo, na barakoa ni za kuwaziba watu midomo. Nusu ya mtaa ikamkubali. Nusu nyingine ikamkatalia, na ndugu waliokula sahani moja wakaacha kusalimiana.

Mama yake muuguzi alimjibu siku moja akipita. "Mwanangu, swali lako ni zuri. Jibu lako ndilo bovu."

Kinyozi alikuwa amehamia mtaani miaka ya karibuni tu. Mkono wake ulikuwa laini kama mkate. Jioni ya siku ile ile ya kwanza alipitia mlango wa nyuma wa ukumbi, barakoa aliyoitukana ikiwa imepandishwa mpaka machoni, akaomba achanjwe na akaomba isijulikane. Sindano ikaingia bila taabu. Kesho yake akarudi kibandani kusema kwamba ugonjwa haupo, ingawa kwa sauti ya chini kidogo.

Kilichoigusa mikono ile ya wazee kilijulikana mtaa mzima, na hakikuhitaji mganga wa kupiga bao. Mwaka ambao muuguzi alikuwa bado anabebwa mgongoni, watafiti wenye makoti meupe walikuja kiwandani na gari linalonukia sabuni. Walisema wanataka kujua kama dawa zinazotiwa kwenye mapipa zinaingia kwenye damu za wafanyakazi. Wafanyakazi walifurahi, maana hilo ndilo walilokuwa wakiuliza wao wenyewe kila siku, wakikohoa. Wakajipanga foleni bila kusukumwa. Wakatoa damu, mkono wa kushoto, vichupa kwa vichupa, wakaambiwa majibu yataletwa kabla ya mvua. Gari likaondoka. Mvua zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena. Wenzao wakazikwa kwa kikohozi, mmoja baada ya mwingine, na makoti meupe hayakurudi hata kuaga.

Sasa mikono ilikuwa imegoma. Watu wa mtaa ule hawakuona ajabu, kwa sababu kugoma walikujua. Wakafanya wanachofanya watengeneza ngozi mbele ya ngozi ngumu. Waliiloweka mikono kwenye maji ya chokaa, wakaisuuza kwa maji ya chumvi, wakaipaka mafuta ya kwato na kuisugua. Mzee wa mapipa alilaza mkono wake juu ya gogo la kulainishia, vijana wakaugongagonga kwa nyundo ya mti, huku akiwaelekeza wasikwepe kiwiko. Mikono ikang'aa kama viatu vya bwana harusi. Mtaa mzima ukanukia duka la mikoba. Sindano zikaendelea kupinda, na mzee akasema walau atazikwa akiwa na mkono mzuri.

Daktari mkuu akaja mwenyewe, na nyuma yake gari la vipaza sauti lililokuwa likiimba kwamba wananchi waiamini sayansi. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofunikwa na mvuke wa barakoa yake. Akaketi mbele ya mama yake muuguzi, akamwambia kwa upole kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini sindano hii si ile.

"Sijashtuka, Daktari," mama akasema. "Chanjo naitaka. Ameileta mwanangu, na mwanangu namjua. Mnasema tuiamini sayansi. Sisi tuliiamini zamani, tukaipa na damu. Ni yenyewe ambayo haikurudi."

"Hayo ni ya zamani, mama. Wakati huo mimi nilikuwa nacheza gololi."

"Na mkono huu ulikuwa mkono huu huu."

Daktari akafuta miwani. Muuguzi akamwomba aulize makao makuu ya afya damu ile ilikwenda wapi, na daktari, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaingia garini akapiga simu. Alirudi baada ya kuzungushwa sana. Wale watafiti walishastaafu, jengo lile siku hizi ni ghala la magodoro, na aliyepokea simu alitaka kujua ni damu gani hasa. Wakamwagiza aendelee na elimu kwa umma. Gari likaongezewa sauti.

Ugonjwa haukusubiri elimu. Ulimchukua mshonaji mikoba wa nyumba ya pili, mwanamke aliyeshiriki ukuta mmoja na mama yake muuguzi. Alikwenda hospitali akitembea kwa miguu yake, akarudishwa ndani ya mfuko uliofungwa. Kuanzia siku hiyo muuguzi akawa anasikiliza kikohozi cha mama yake kupitia mlangoni, akijaribu kukitenganisha kile cha zamani na chochote kigeni kitakachokuja.

Jioni moja alitoka kazini akiwa na dozi moja ndani ya kisanduku. Mama alikuwa jikoni akichambua mchele. Muuguzi hakuvua koti lake jeupe. Akapiga magoti, akauchukua mkono wa mama yake, akaupangusa kwa pamba, akajaribu. Sindano ikapinda. Akajaribu tena, nayo ikapinda. Hapo akaishiwa la kufanya, akauliza swali ambalo halikuwa na faida yoyote ya kitabibu.

"Mama, hivi ile damu yako waliipeleka wapi?"

Chini ya kidole gumba chake mkono ukalegea. Ulilegea kama mtu aliyesimama siku nzima na sasa amepewa kiti.

Mama akaendelea kuchambua mchele kwa mkono mwingine. "Miaka yote hiyo unavaa koti hilo," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza mwenye koti kuniuliza."

"Lakini jibu sina, Mama."

"Najua huna. Nani kakwambia mkono ulingoja jibu? Sisi si wajinga."

Muuguzi akanyoosha mkono kuchukua sindano nyingine, lakini mama akashusha mkono wa gauni lake. Alisema hatachanjwa jikoni kama mtu anayeficha kuku wa wizi. Alitoa damu mchana kweupe mbele ya wenzake, na atachanjwa mchana kweupe mbele ya wenzake, na swali liulizwe kwa sauti, na kila mtu auliziwe lake. Muuguzi akamwambia kwamba ugonjwa uko upande wa pili wa ukuta. Akamsihi, akamkasirikia, akalia. Mama akamwachia alie, kisha akampa ungo wa mchele amalizie.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Habari zilikuwa zimetangulia, kama zinavyofanya mtaani. Hata kinyozi alisimama mlangoni, akisema amepita tu. Daktari mkuu alikuwa nyuma, karibu na dirisha. Mama akaketi kiti cha mbele, akafungua kifungo cha mkono wa gauni. Muuguzi akasimama wima ndani ya koti lake, hakumtazama mama yake bali aliutazama mlango, ambako yeyote mwenye kujibu angeingilia.

"Nauliza," akasema. "Damu aliyoitoa mama huyu kiwandani, majibu yake yako wapi?"

Daktari akasogea. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba swali hilo halimo kwenye utaratibu.

"Lingekuwemo, Daktari, tusingekuwa hapa," muuguzi akajibu, na hakugeuka.

Kisha akangoja. Ukumbi wote ukangoja naye, muda wa mtu kuvuka uwanja na kufika mlangoni kama yupo anayekuja. Hakuna aliyekuja. Muuguzi akainama, akauchukua mkono wa mama yake, na sindano ikaingia moja kwa moja, bila hata kutoa tone la damu. Mama akasema haikuuma. Akainuka, akavuka nafasi ya kwanza ya ngozi ya ng'ombe, akakaa kando atazame wengine wakiuliziwa.

Muuguzi aliuliza swali lile kwa ajili ya kila mmoja, kwa sauti ile ile, na kila mara alingoja. Ilikuwa kazi ndefu. Mzee wa mapipa aliomba wauliziwe pia wawili aliofanya nao pipa moja, ambao walikuwa makaburini, na wakauliziwa. Ilipofika jioni muuguzi hakuwa na sauti, na mtaa ulikuwa umechanjwa wote, ukaishinda hata mitaa ya wenye magari. Watu walitoka wamekunja mikono ya mashati mpaka begani, ingawa kulikuwa na baridi, ili mikono ionekane.

Mama hakuugua. Anakohoa kikohozi chake kile kile cha zamani, ambacho hakuna aliyemwambia kilitokana na nini. Kiwanda kiko wazi, na mfereji wake bado unatoa maji ya kijani. Makao makuu yaliandika kwamba gari la vipaza sauti lilifanikiwa mno, dereva akapewa cheti. Kinyozi amefungua kibanda. Anasema sasa kwamba ugonjwa ulikuwepo, ila kiwanda nacho kilipaswa kufungwa, na akisema hivyo hakuna anayembishia.

Walipokuja wauguzi wengine kwa dozi ya pili, wale ambao hawakuuliza sindano zao zilipinda. Waliouliza haraka haraka bila kungoja, zilipinda pia. Wakajifunza. Siku hizi hata mtoto mchanga, aliyezaliwa baada ya mambo yote hayo na ambaye hajawahi kumpa mtu tone la damu, haanzi kuchanjwa mtaani pale kabla mwenye koti hajasimama akauliza. Wote ukumbini wanageuza nyuso kuelekea mlangoni na kungoja, wala hawaoni haya, wala hawana haraka. Hakuna anayeingia na majibu. Basi wanageuka, wanakunja mikono ya nguo zao wao wenyewe, na mama, anayeketi mbele kila mara ingawa zamu yake ilishapita, ndiye anayesema:

"Haya, endelea. Tumeshawapa nafasi."