Hotuba ya Baba na Vitabu Viwili

Baba alizunguka meza kwa mara ya sijui ngapi, midomo ikimcheza, nami nimekaa na vitabu viwili vya ufundi wa kuhutubia, kila mkono na chake.

"Mwanangu, nichagulie kimoja. Vyote vinanichanganya."

Alikuwa seremala, na kesho yake alitaka kwenda kumwomba radhi kaka yake. Tangu wagombanie karakana ya babu, miaka ilikuwa imepita bila hata salamu, na jambo hilo lilikuwa linamla baba. Vitabu vilikuwa vyangu, vya chuo cha ualimu. Kile kinene kiliipanga hotuba kama ngazi: utangulizi, maelezo, hoja, kumjibu mpinzani, hitimisho. Kile chembamba hakikujali ngazi. Kilifundisha pumzi, macho, na kunyamaza baada ya neno zito. Mimi nilikipenda chembamba. Baba alikipenda kinene, kwa sababu kilikuwa na vipimo.

"Hapa pa kumjibu mpinzani," aliuliza, "si tutagombana tena?"

"Paruke, baba."

Nilicheka, lakini roho ilikuwa juu juu. Asubuhi chai ilinishinda, kiti kikanishinda, na njia nzima nilikuwa natembea mbele ya baba kisha narudi.

Tulimkuta baba mkubwa peke yake karakanani, anahangaika kupasua ubao mrefu. Kila akisukuma msumeno, ncha ya pili ya ubao inaruka. Baba alisimama wima, akasafisha koo.

"Kaka, nimekuja."

Akanyamaza. Sikujua kama ni kile kitabu chembamba au amesahau yote. Nilitamani kumfinya.

Baba mkubwa hakuinua kichwa. "Shika huko."

Baba akashika. Wakaupasua ubao ule, wakachukua mwingine, na mwingine, bila neno ila "vuta" na "taratibu". Tulipoaga, baba mkubwa akasema, "Kesho uje na randa yako."

Njiani baba akaianza hotuba, utangulizi, maelezo, hoja, akinitazama machoni na kupumua panapotakiwa. Wapita njia wakatupisha. Alipofika kwenye "Nisamehe, kaka," sauti ikamkatika, akasimama katikati ya barabara.

Walifanya kazi pamoja mpaka baba mkubwa alipofariki. Maneno yale niliyasikia mimi tu.