Mrembo Ana Mimba

Mama mmoja alikuwa fundi cherehani, na mumewe fundi saa. Wivu wa mama huyo haukuwa wa kutafutwa kwa tochi. Mume akichelewa dakika kumi, anaulizwa alikuwa wapi. Akiwahi, anaulizwa nani kamfukuza.

Jumamosi moja asubuhi mama alikuwa anaanika nguo uani, akamsikia mumewe dirishani akiongea kwa simu na rafiki yake, yule waliyemwita Rubani.

"Mrembo ana mimba," mume alisema huku akicheka. "Tumbo limejaa mpaka linambana. Aa, shemeji yako hajui. Akijua nitalala nje." Akamsikiliza mwenzake. "Kumwacha? Simwachi ng'o, nimeshamzoea. Mchana namtia nguvu kidogo, jioni tunatoka."

Kibanio kilimdondoka mama mkononi. Alirudi chumba cha cherehani, akatundika futi shingoni, na siku hiyo kila mwanamke aliyeingia alipimwa kiuno mara mbili. Wa kwanza alikuwa mwembamba kama uzi. Wa pili bibi kizee. Wa tatu, karani wa posta, alileta gauni lake la kijani.

"Dada, nipanulie hapa kiunoni. Siku hizi linanibana."

"Tangu lini?"

"Kama miezi miwili hivi."

"Na saa yako naona inatembea."

"Shemeji alinitengenezea. Tena bure."

Pini aliyoibana mdomoni nusura aimeze. Alilipokea gauni, akalitupa mezani. Hapo mezani mume alikuwa ameweka ndege yake ya rimoti, ile anayoirusha kiwanjani, ikiwa imeunganishwa na chaja. Mama hakuitazama mara mbili. Ndege haina kiuno.

Baada ya kula alimlaza kitinda mimba wake, wa mwaka mmoja na nusu, juu ya rundo la vipande vya vitambaa kwenye kona ya chumba cha cherehani. Akafunga mlango ili mtoto asisikie maneno. Kisha akauegemea kwa nje, akamngoja mumewe.

"Nipishe mara moja, mama watoto. Nina kitu humo ndani."

"Kitu au mtu?"

"Mtu gani tena?"

"Mrembo. Mwenye mimba. Wa posta."

Mume akaangua kicheko, na hapo ndipo alipoharibu. "Mrembo ni ile ndege, mke wangu. Betri yake imevimba, imekwama tumboni. Mimi na Rubani tunaita mimba."

"Ndege imebeba mimba. Na mimi nimezaliwa jana."

"Nipishe nikaichomoe. Haitakiwi kuachwa peke yake."

"Umeona? Yeye haachwi peke yake. Mimi je, kila Jumamosi?"

Walivutana hivyo mpaka ikaja harufu tamu, kama ya rangi ya kucha.

"Hata marashi yake umekuja nayo," mama alisema. Halafu akatazama chini. Moshi mweupe ulikuwa unapita kati ya miguu yake.

Mlango aliusukuma mwenyewe. Betri ilikuwa inatema moto, na gauni la kijani linawaka. Aliinama chini ya moshi, akamnyakua mtoto pamoja na vitambaa vyake. Mume alikimbilia uani, akarudi na ndoo ya mchanga, akaimwaga yote mezani.

Mtoto alikohoa, akatapika maziwa. Hospitalini daktari alimsikiliza kifua, akasema ni mzima. Mama hakuamini mpaka alipomwona nyumbani anagombea kijiko.

"Ulijua imevimba?" alimuuliza mumewe.

"Nilijua. Nilisema chaji moja tu ya mwisho."

Mama alimpangusa mtoto mdomo. "Na mimi nilijua mtoto yuko ndani. Nikausimamia mlango."

Karani alishonewa gauni jipya, akapimwa mara moja tu. Rubani alipopiga simu kumuulizia Mrembo, aliipokea mke: "Mrembo tumeshamzika. Sema unamtaka nani." Maana wivu haujamwisha, tusidanganyane.

Lakini katika nyumba ile, betri sasa inaitwa betri. Ikivimba, hata kama ni kidogo tu, haichajiwi tena. Inatolewa nje, mbali na watoto. Na mke akisikia neno la kumchoma moyo, anauliza palepale, akiwa amesimama mbali na mlango.