Watoto wa Shangazi Wana Adabu

Mtoto wangu alinijia kwa miguu yake Jumamosi asubuhi, nikiwa nimeketi sakafuni nakunja nguo. Nataka niieleze furaha ile kabla ya hasira, maana ilikuwa furaha ya kweli.

Baba yake alikuwa amemsimamisha kwenye kochi. "Mama Kibonge, acha hizo nguo kidogo. Tazama huku."

Kibonge akaachia kochi, mikono juu kama aliyeambiwa ajisalimishe, tumbo mbele, akaja. Hakuyumba sana. Akaniangukia kifuani huku anacheka na vimeno vyake vyote, vya juu na vya chini. Nilipiga kigelegele hadi jirani wa juu akagonga sakafu yake. Nikalia. Mchana napiga pasi mashuka ya hoteli, jioni nakwenda darasani, na katika pilikapilika zote hizo nilikuwa nimeomba jambo moja tu: hatua yake ya kwanza isinipite. Kukaa kulinipita. Kutambaa nilisimuliwa. Hii nikasema hapana, hii ni yangu.

Nikampigia mama simu hapo hapo.

"Mama, mjukuu wako katembea!"

"Hongera mwanangu! Na vile vidole vya miguu, ameacha kuvikunja?"

"Vidole gani?"

"Aa, mtandao huu, sikusikii vizuri," na mama yangu, ambaye kuagana naye kwa simu ni shughuli ya nusu saa, akakata.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anakunja nguo. Mume wangu hakunji nguo.

"Vidole gani, Baba Kibonge?"

"Nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza."

"Alianza juzijuzi tu. Kule kwa Shangazi."

Shangazi si shangazi wa mtu. Ni mlezi wa mlango wa pili, anayetulelea watoto nusu ya jengo, na kumbe ana mtindo wake: mtoto akianza kutembea kwake, mama haambiwi. Anaachwa aone mwenyewe nyumbani, aamini ndiyo mara ya kwanza. Ndiyo maana hapa jengoni tulikuwa tukisema watoto wa Shangazi wana adabu, wanawasubiri mama zao.

"Nilikwenda kumchukua nikamkuta anatembea," akasema mume wangu. "Shangazi akaniomba nifunge mdomo. Nikaona ni wema."

"Na mama yangu je?"

"Nilimrekodi mtoto kwa simu akitembea. Furaha ile nilishindwa kuikalia peke yangu."

"Ukampelekea mama, mimi ukaniruka."

"Wewe tulikuwa tunakutunzia."

Hapo zikanijia jioni zote za karibuni. Nikifika mlangoni namkuta amembeba. Navua viatu, amembeba. Nakula, amembeba. Mtoto akijinyonganyonga ateremke, yeye anasema, "Muache mama apumzike." Nami nikawatambia wenzangu kazini: wa kwenu wanashika rimoti, wangu anashika mtoto!

"Alikuwa anataka kuja kwangu," nikasema. "Wewe ukamshika."

"Nilitaka uone vizuri. Siku hujachoka."

Nilimbeba Kibonge, nikavuka korido.

Shangazi alikuwa anasuuza vikombe vya watoto. Akanitazama mara moja tu. "Umeshajua. Uso huo naujua."

"Kwa nini, Shangazi?"

"Zamani nilikuwa nawaambia. Mmoja alilia hapo hapo uliposimama, akaniambia nimemwibia mtoto. Nikasema basi, sitamwambia tena mtu. Na mnafurahi! Nani amewahi kulalamika?"

"Atalalamikia nini, na hajui?"

Akaweka kikombe chini. "Nilikuachia furaha, mwanangu."

"Uliniachia marudio. Furaha mlishaila nyinyi. Wewe, mume wangu, mpaka mama yangu mzazi. Mimi mkanikalisha sakafuni nipige vigelegele."

Nami nilijua kwamba Jumatatu nitamleta tena mtoto hapa hapa, kwenye mikono hii hii, kwa sababu hakuna mwingine ninayemwamini.

"Basi niambie sasa," nikasema. "Alitoka wapi, akaenda wapi?"

Shangazi akaonyesha kwa kidole chenye povu. "Alikuwa ameshika ndoo ile ya nguo. Akasikia viatu huko koridoni. Akaachia ndoo, akaenda mpaka mlangoni. Nadhani alifikiri ni wewe."

"Alikuwa nani?"

"Mpita njia tu. Alipoona si wewe, akakaa chini."

Nilimkumbatia Kibonge mpaka akalalamika. Nikamteremsha. Akashika njia yake, akaenda moja kwa moja kwenye kikapu cha vitu vya kuchezea, kama mtu aliye kwake.

"Kuna lingine mnalonitunzia?"

Shangazi alifuta mikono kwa aproni, akaifuta tena ilhali imeshakauka.

"Ameanza kusema mama."

"Kwangu hajasema."

"Najua."

"Anamwambia nani?"

Kibonge akageuka na mwanasesere mkononi, akatutazama sote wawili.

"Ananiambia mimi," akasema Shangazi.

Nilivuta kiti kimoja cha watoto, nikaketi, magoti yakanifika kidevuni.

"Endelea," nikamwambia. "Na safari hii usiniruke."