Kitabu cha Shemeji na Uyoga wa Mama

Shemeji yangu, mume wa dada, amenunua kitabu cha uyoga na sasa hatupumui. Tena si cha uyoga wote, la hasha. Ni cha ule tu unaotoa maziwa ukiukata. Kurasa mia tatu! Mtu mzima, mpima ardhi, analala na kitabu kifuani huku dada yangu akikumbatia mto. Tumempa jina: Bwana Kitabu.

Mama ameokota uyoga huo msituni miaka arobaini bila ukurasa hata mmoja. Anaukata kwa ukucha, anasubiri kidogo, anatazama tone. Maziwa yakibaki meupe, uyoga unaingia kikapuni; yakigeuka njano, anautupa, maana huo ni sumu. Mwenye mgahawa hanunui kwa mwingine. Ndiyo kazi pekee Mama anayoitaka duniani. Husema siku akiacha kuokota, tumzike.

Jumamosi kikapu kilikuwa mezani jikoni, mwenye mgahawa akingojewa saa sita, Bwana Kitabu akaingia na wembe, lenzi na kitambaa cheupe.

"Daktari, mgonjwa yuko wapi?" nikamuuliza.

"Cheka tu, shemeji. Shikamoo, Mama. Naomba uyoga mmoja nijifunze."

"Marahaba, baba. Chukua, ila usinichafulie meza."

Akakata. Akanusa. Akafungua ukurasa, akaufunga, akafungua mwingine. Kisha akapaka maziwa kwenye kitambaa na kuanza kuhesabu kwa sauti, moja mpaka sitini, kwa sababu kitabu kimesema ahesabu. Nikamuuliza kama anacheza kujificha na uyoga. Mama akacheka mpaka akashika kiuno, nami nikazidisha. Nilimdharau yule mtu, sifichi. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili letu lilikuwa linavuma kwa namba.

Kwenye hamsini na kitu akakatiza hesabu.

"Mama," alisema kwa adabu, "haya yamegeuka njano."

Nilikuwa na jibu la kumkata maini, liko tayari mdomoni. Nikainama nimwoneshe ujinga wake. Doa lilikuwa la njano, njano isiyo na ubishi.

Mama akakichukua kitambaa, akakipeleka dirishani, akakisogeza kwenye jicho moja, kisha la pili.

"Njano iko wapi? Meupe pe haya, baba. Kitabu chako kinakudanganya." Akanigeukia akitabasamu. "Mwambie, mwanangu. Wewe ndiye mwenye mdomo."

Shemeji alitazama sakafu. Hata ushindi hakuufurahia, na kwa hilo nalo nikamchukia. Nikamnyang'anya wembe, nikakata uyoga wa pili, wa tatu, wa nne. Maziwa ya uyoga wa pili na wa nne yakageuka njano. Kila wiki mimi ndiye niliyemwoshea Mama uyoga huo, na sikuwahi kuutazama. Nilikuwa na shughuli ya kumcheka mtu.

"Ni njano, Mama," nikasema.

Alikaa kwenye kiti. Mkono wake ulipapasa meza mpaka ukakipata kikapu, akakisukumia kwangu.

"Mpigie mwenye mgahawa. Mwambie asije."

"Leo tu, Mama?"

"Nimesema mwambie asije."